Sufuria za Bi Swabra

Jumamosi ile Nyamvula aliamka kabla ya adhana, akavaa gauni lake la kijani la kuhubiria, akalivua, akalivaa tena. Chai ilimshinda. Alijaribu kukaa kitako akashindwa, akajaribu kusali akajikuta anahesabu mabenchi. Miaka miwili alikuwa ameingoja siku hii, na sasa imefika anatetemeka kama bibi harusi.

Nyamvula Ruwa ni muuza mbaazi na mahamri wa Shika Adabu, huko Likoni. Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, na sauti yake haifanani naye. Mtaani wanamwita Kipaza. Ni mwinjilisti wa kanisa la mabati lililo karibu na kiwanja cha mpira, lakini uinjilisti wake una namna yake. Wenzake hufika mlangoni na Biblia mkononi. Yeye hufika na mkokoteni wa maji. Mabomba ya mtaa yakikauka, na hukauka mara nyingi, humaliza kuuza mbaazi, akapakia mitungi minane na kuisukuma mpaka kwa wazee wasioweza kwenda kisimani. Humimina maji kwanza. Akiulizwa kwa nini anajisumbua, hapo hutoa Biblia katika mfuko wa nailoni, isilowe, akaeleza. Asipoulizwa, huchukua mtungi mtupu akaenda zake. Miaka kumi na mmoja amefanya hivyo, na wapo ambao hawajamuuliza mpaka leo.

Mama yake, kule Mazeras, alikufa akiwa amewapapasa wajukuu wake nyuso bila kumwona hata mmoja. Baada ya mazishi ndipo muuguzi mmoja alipomwambia Nyamvula kwamba ule ulikuwa mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa kwa nusu saa. Nusu saa! Tangu siku hiyo alibisha kila mlango wa daktari aliyemsikia, akaandika barua, akapiga simu, akaketi kwenye mabenchi ya hospitali za kisiwani mpaka wakamchoka. Hatimaye madaktari wa macho walikubali kuvuka feri siku moja tu, wapime watu katika kiwanja cha kanisa, na wale wa mtoto wa jicho wapelekwe kwa gari wakafanyiwe upasuaji jioni hiyo hiyo.

Siku moja tu. Na katika watu wote wa Likoni, aliyemtaka kwenye gari hilo kuliko wote ni Bi Swabra.

Bi Swabra ni mjane wa watu wa kale wa hapo. Mwaka wa nne huu alikuwa haoni isipokuwa mwanga na kivuli. Nyumba yake ndiyo ya mwisho katika safari ya mkokoteni, iliyoongezwa alipokwisha kupofuka, na kila Jumatano Nyamvula alikuwa akimsihi. Kila Jumatano jibu lilikuwa moja: "Mimi niende nikapange foleni kanisani? Watu waseme Swabra karitadi uzeeni?" Ilichukua miezi mitano. Mwishowe alikubali, kwa masharti yake. Asihubiriwe mtu yeyote kwenye foleni. Asipigwe picha. Na kwa kuwa watu watalishwa, mbuzi wachinjwe na mwanawe Mahfudh, mwenye bucha pale njia panda. Kisha, kama aliyeamua kuzamia mzima mzima, akatoa sufuria zake kubwa sita, zinazopikiwa harusi na hitma za mtaa mzima. Habari ikaenea kuwa sufuria za Bi Swabra ziko kanisani, na wanawake wa Kiislamu waliokuwa wakisitasita wakaanza kuandikisha majina ya wazee wao.

Basi alfajiri hiyo Nyamvula alikata kona ya kanisa karibu akikimbia, akakutana na harufu ya damu.

Kioko, shemasi mpya, alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka kwapani, uso umejaa furaha. "Bwana asifiwe, dada! Nimewahi. Watatu wameisha. Wa nne alikata kamba akatoroka, lakini hafiki mbali."

Nyamvula alishika ukuta wa mabati. "Umechinja wewe?"

"Kwa mkono wangu mwenyewe! Daktari alipiga simu jana, eti watavuka mapema, saa mbili wako hapa. Nikaona huyo mchinjaji wa saa tatu atatuchelewesha. Kule kwetu Machakos, kanisa likiwa na wageni, shemasi huamka usiku, watu wakifika nyama iko tayari."

"Hapa si Machakos, Kioko."

"Lakini dada, mbuzi si ni mbuzi?"

Mtu aliyezaliwa Pwani hamfundishi mwenzake jambo hili, kwa sababu hakumbuki lini alifundishwa yeye. Ukiwa Mkristo na una harusi, una matanga, una wageni, unamwita jirani Mwislamu ashike kisu. Ndipo majirani wote wakae sinia moja. Kioko alikuwa na miezi mitatu Likoni. Alikuwa amekwisha kujua bei ya nazi na saa za feri, lakini hili hakuna aliyefikiria kumwambia. Aliambiwa tu kuwa Mahfudh atakuja, akadhani wanamwita kwa kuwa ana visu vizuri.

"Na sufuria?" Nyamvula aliuliza, sauti imemshuka. "Umetia nyama kwenye sufuria za Bi Swabra?"

"Bado. Iko kwenye mabeseni yetu."

"Asante Yesu!" Akaketi juu ya gunia la mchele.

Mchungaji Baya alipofika na kuelezwa, alivua miwani akaifuta mara mbili. Ni mtu mpole wa Kaloleni, asiyependa makelele. Kioko alikuwa amenywea, lakini kichwa chake hakikupumzika. "Sikilizeni," alisema. "Yule wa nne tumkamate. Mahfudh akija amchinje mbele ya watu wote. Halafu nyama inachanganywa. Tunaojua ni sisi watatu."

Mchungaji alivaa tena miwani yake. Alitazama mabeseni.

"Mchungaji!" Nyamvula alisimama. "Tuwalishe watu wasioona kitu ambacho wangekiona wangekikataa?"

"Nyamvula, mimi sipendi pia. Lakini fikiri. Ukimwambia Bi Swabra, haji. Asipokuja yeye, nusu ya foleni haiji. Na madaktari ni leo tu. Wewe utakuwa umesema kweli, na mama wa watu atabaki gizani mpaka kaburini. Utaweza kulala?"

Nyamvula alifumba macho. Alimwona mama yake kitandani Mazeras, vidole vikitembea juu ya paji la uso la mtoto. Akachukua leso yake, akajitanda, akatoka. Njiani alijaribu kupunguza hatua, asifike haraka. Miguu ilikataa.

Mahfudh alikuwa barazani kwa mama yake ananoa kisu. Ni mwanamume mkubwa, mcheshi wa bucha, na alipomwona alicheka. "Kipaza! Umenijia na mkokoteni? Mimi sibebeki."

Bi Swabra alikuwa ndani ya mlango, juu ya kiti, buibui limepigwa pasi, viatu vipya miguuni, mkoba mapajani. Alikuwa tayari kwa safari.

"Shikamoo, Bi Swabra."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Kuna nini?"

Nyamvula alisema yote akiwa wima, bila kuvuta pumzi: mbuzi watatu, Kioko, Machakos, "mbuzi si ni mbuzi." Akasema sufuria hazijaguswa. Akasema hata lile shauri la kuchanganya nyama. Mahfudh aliacha kunoa. Alikizungushia kisu kitambaa, taratibu, akakaza fundo.

"Si nilikwambia, mama? Si nilikwambia? Wametia sufuria zetu pale ili watu wajae. Sasa watakula nyamafu na jina ni letu!"

"Nyamaza weye," alisema Bi Swabra. Akageuza uso upande ilikotoka sauti ya Nyamvula. "Nani mwengine ajuaye?"

"Sisi watatu tu, bibi."

"Na mimi ningekuja, ningekula, nisingejua."

"Usingejua."

"Basi kilichokuleta huku mbio ni nini? Wajua leo ndiyo siku yangu. Wajua nikikasirika siendi."

"Najua." Machozi yalikuwa yamemjaa na alishukuru hayaonekani, kisha akaona haya kwa shukrani hiyo. "Bibi, wewe huoni. Nikikudanganya wewe, nimemwibia mtu aliyelala."

Kitu kilisikika kikitafuna uani. Mahfudh alikwenda kutazama, wakasikia akipiga kelele: "Lo! Mkeka wangu!" Akarudi amemshika pembe mbuzi wa nne, kamba iliyokatika ikining'inia shingoni, kipande cha mkeka mdomoni.

Bi Swabra alianza kucheka. Kwanza mabega, kisha mwili mzima, mpaka mkoba ukaanguka. "Huyu kakimbia kisu cha Machakos, kaja kujisalimisha kwa mwenyewe!" Alipotulia, alinyoosha mkono hewani. "Haya, Nyamvula, nishike. Siji kula mimi, naja kuona. Lakini utayasema haya mbele za watu, kwa hicho kipaza chako, neno kwa neno. Na sufuria zangu hazilali tupu. Una nini kwako?"

"Mbaazi. Ninazo za kuuza Jumatatu, debe zima."

"Mahfudh! Waite wanawake. Waje na mbuzi zao za kukunia nazi. Na huyo mla mkeka mchinje, wagonjwa wapate supu."

Saa mbili kasorobo kiwanja kilikuwa kinachemka. Watu walikuwa wamefika kutoka Mtongwe na Timbwani, wazee wakiongozwa kwa fimbo, wengine kwa bega la mtu, buibui na mashati ya Jumapili yakigusana. Gari la madaktari liliingia likipiga honi. Nyamvula alipanda juu ya benchi. Kipaza sauti kilipiga mluzi, watu wakaziba masikio.

"Ndugu zangu! Kabla ya lolote, nina neno. Mbuzi watatu wamechinjwa hapa leo na Mkristo. Ahadi yetu haikuwa hiyo. Kosa ni la kanisa, na mimi ndiye niliyeahidi. Lilitoka hata shauri la kuwaficha. Nyama hiyo haitapikwa hapa. Leo ni mbaazi za nazi, kwa sufuria za Bi Swabra, na hazijaguswa na kitu kingine. Asiyetaka kubaki hatumlaumu. Tusameheni."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mabati. Familia mbili ziliinuka zikaondoka, na mzee mmoja alitema mate pembeni. Nyamvula hakushuka. Aliwatazama wakienda, mmoja mmoja, huku akijua macho yao yanakwenda nao. Ndipo Bi Swabra, amemshika Mahfudh mkono, akapita katikati ya watu wote, viatu vipya vikilia, akaketi kwenye benchi la kwanza.

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Kipaza! Leo umehubiri vizuri kuliko siku zote!"

Kiwanja kizima kikacheka, na foleni ikajipanga yenyewe.

Nyamvula alisema baadaye kwamba hajui ile siku ilipita wapi. Wanawake waliketi juu ya mbuzi za kukunia, nazi zikinyesha nyeupe kwenye sinia. Mahfudh alisimamia supu kama waziri. Kioko, ambaye nyama yake iligawiwa waumini wapeleke majumbani, aliosha sahani mpaka vidole vikajikunja, na kila mama aliyepita alimuuliza, "Shemasi, mbuzi si ni mbuzi?" naye akajibu, "Nimekoma, mama!" Mchungaji Baya alikuwa akibeba maji. Mchana, watu walipokwisha kula, Nyamvula alisogea upande wa pili wa kiwanja akawahubiria waliotaka kubaki. Walikuwa wengi kuliko alivyozoea. Lakini nusu ya akili yake ilikuwa kwenye gari, lililokuwa limekwisha kuondoka na watu kumi na tisa, na Bi Swabra kiti cha mbele.

Jumapili baada ya ibada alisukuma mkokoteni wenye sufuria sita zilizong'arishwa kwa majivu, Kioko akisukuma kwa nyuma. Bi Swabra alikuwa barazani. Bandeji ilikuwa imeondolewa asubuhi hiyo hospitalini, na jicho lake la kulia lilikuwa jekundu, lenye machozi, lililo wazi. Lilimtazama Nyamvula kuanzia kilemba mpaka ndala.

"Weye ndiwe Nyamvula?"

"Ndimi, bibi."

"Sauti yote ile, na mtu mwenyewe ndiye huyu? Wallahi nilidhani ni jimama!"

Nyamvula alitaka kucheka, alitaka kulia, akafanya yote mawili kwa pamoja. Bi Swabra hakumngoja. "Zilete sufuria zangu. Nataka kuziona."

Alizigeuza moja moja juani, akipitisha kidole ukingoni, jicho likifuata kidole. Kwenye ya tano akasimama. "Hili bonde nani kalitia?"

Kioko alirudi nyuma hatua mbili. "Bibi, naapa, si mimi!"

Mahfudh alikohoa. "Hilo si la jana, mama. Ni la harusi ya jirani yetu Basma, mwaka juzi. Ilianguka kwenye gari."

"Mwaka juzi!" Bi Swabra aliigonga sufuria kwa pete, ikalia kama kengele. "Nyinyi wanangu wa kuzaa mmenificha bonde la sufuria miaka miwili kwa kuwa sioni. Na huyu kaja mbio alfajiri kuniambia la mbuzi!"

Mahfudh alitazama kucha zake. Bi Swabra aliiweka sufuria chini, akajifuta chozi la dawa, akamgeukia Nyamvula.

"Jumatano waja na maji?"

"Naja, bibi."

"Basi na hicho kitabu chako usije nacho ndani ya nailoni. Miaka yote nakisikia kikichakacha, sijakiona. Kitoe, nikione." Kisha, haraka: "Kukiona tu, usianze makelele."

Nyamvula hakuanza. Aligeuza mkokoteni, akampungia mkono, na walipofika kona, mahali ambapo Bi Swabra hangeweza tena kumwona, alianza kukimbia, mkokoteni mtupu ukiruka mashimo mbele yake, Kioko akimfuata huku akiuliza, "Dada, kuna nini tena? Dada!"