Mtoto Aliyeota Jua Dirishani

Sogeeni karibu, wenzangu mliokulia kwenye nyumba za tembe, niwakumbushe jua lile mlilokuwa mkilikimbia kama bakora.

Kwetu Mlali, mlenda ukishachumwa ulianikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na watoto tulianikwa pamoja nao. Kazi yetu ilikuwa kufukuza mbuzi. Ulikaa hapo mpaka majani yakauke na wewe ukauke, midomo imepasuka kwa upepo, magoti meupe kama umeyapaka majivu. Siku moja mimi na dada yangu Mwaja tulikivisha kijiti gauni lake, tukakisimamisha mwambani kitulindie, tukaenda kucheza kivulini. Mbuzi hawakudanganyika. Walikula mlenda wote, wakamalizia na pindo la gauni.

Mama hakutuchapa. Alikitazama kile kijiti, akasema, "Naona mwenzenu kachoka. Mtamsaidia mpaka mavuno."

"Mama, jua linachoma," Mwaja alilalamika.

"Linakomaza mifupa. Kaa."

Tulidhani ni maneno ya kutufunga midomo.

Vijana wetu wa leo wanajua kila kitu, isipokuwa mlango wa kutokea nje. Binti yangu Neema ni mtumishi wa serikali, amejenga Nkuhungu, mjini Dodoma, nyumba nzuri yenye vioo kutoka juu mpaka chini. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Mjukuu wangu Yona, wa mwaka mmoja na nusu, alikuja kunipokea akiwa na matege kama upinde. Alipiga hatua tatu, akakaa chini. Nilicheka ili nisilie.

"Neema, huyu mtoto anaota jua?"

"Kila siku, mama. Dada wa kazi anamweka hapo kwenye zulia, jua linammwagikia mpaka saa nne. Nje kuna vumbi."

Nilimbeba Yona, tukaenda kliniki. Nesi alimsikiliza Neema mpaka mwisho, halafu akasema taratibu, "Mama Yona, wewe umekiotesha jua kioo."

Akatueleza, nami nawaeleza nanyi. Ngozi ikipigwa na jua lenyewe, mwili hutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula na kuipeleka kwenye mifupa. Kioo hupitisha mwanga na joto, ndiyo maana Yona alikuwa akitoka jasho pale kwenye zulia, lakini huzuia ile sehemu ya jua ambayo ngozi inaihitaji. Unaweza kumpa mtoto maziwa asubuhi na jioni, mifupa ikabaki laini, na akianza kusimama uzito wake mwenyewe ukaipinda.

Daktari alimpima, akamwandikia matone ya vitamini, akasema kwa umri wake miguu ingeweza kunyooka. Neema alilia njia nzima.

"Mwanangu," nilimwambia, "ulikuwa unamkinga na vumbi. Vumbi linaoshwa. Mtoe nje."

Leo miguu haijanyooka yote, lakini Yona anakimbia. Jirani ameshaleta malalamiko mara mbili kuhusu paka wake, na mimi nayapokea kwa furaha isiyo na adabu.

Hata hivyo, nikipita mitaani saa tatu asubuhi, naona viwanja vitupu. Sisi tulimwomba mama kivuli kidogo akatunyima. Hawa wana kivuli kutwa nzima, na jua la Dodoma, lisilo na bei, linazunguka nyumba zao bila kumkuta mtoto.

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtoe mtoto uani, mikono na miguu ikiwa wazi, acheze kama nusu saa. Ukiona miguu inapinda, mpeleke kliniki wiki hii hii.