Banda la Kuku la Bhoke

Mwalimu Leodgar wa Buhare aliandika michezo ya redio, na mimi jirani yake ndiye niliyekuwa nikisomewa, tena macho nimefumbishwa. "Mtu akiingia lazima mwenzake amwite jina," alinifundisha. "Redioni asiyeitwa hayupo." Niliona anajifanya mjuzi, lakini nilipenda kusomewa.

Mwaka 1983, walanguzi wakisakwa nchi nzima, aliandika mchezo wa mlanguzi wa sabuni. Akakwama kwenye maficho. Shimo halisikiki, dari haisikiki. Ndipo akakumbuka banda la kuku la dada yake Bhoke, kule Suguti, alikoonyeshwa kwa siri katoni mbili za sabuni za mche chini ya viota. Kuku wanasikika.

"Mwalimu, hilo si banda la dada yako?" nilimwuliza.

Akacheka, akasema nchi nzima ina mabanda ya kuku. Sifa zilikuwa zimemlevya. Nikanyamaza, na sijajisamehe mpaka leo.

Mchezo ulirushwa Jumapili mchana. Bhoke aliwaita majirani uani, akaongeza sauti ya redio. "Huyu mwandishi ni mdogo wangu," aliwaambia. "Nilikuwaga nambeba mgongoni." Kisha mlanguzi wa redioni akafungua banda, kuku wakalia, na majirani wakageuza shingo kulitazama banda la mwenyeji wao. Jumatatu mgambo walifika. Nyumba hawakuigusa, walikwenda moja kwa moja kwenye viota.

Bhoke alifungwa miaka miwili. Leodgar alikwenda gerezani mara nne, na mara zote dada alikataa kutoka kumwona. Kuandika akaacha kabisa.

Mama yao alifariki mwaka 1988. Siku hizo sabuni zilipangwa mezani kando ya barabara pale Bunda, na hakuna aliyeulizwa kitu. Roho iliniuma kuziona. Nilimsindikiza Leodgar msibani Suguti, tukamkuta Bhoke uani akipokea watu mmoja mmoja.

"Wankyo, asante kuja. Enoka, pole na safari. Getruda, na wewe umefika, kaa hapa."

Getruda ni mimi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Leodgar alisimama ubavuni kwangu, mkono ameshaunyoosha.

"Dada," alisema.

"Mama Ryoba, karibu," Bhoke alimwambia mtu aliyekuwa nyuma ya Leodgar.

Leodgar aliurudisha mkono, akafumba macho.