Mfuko Mwepesi wa Kwenda Lindi

Nilikwenda Lindi kwa sababu moja: mama yake mpenzi wangu Akinyi alitaka kuniona kwa macho yake kabla wazee wetu hawajatumwa kuposa. Mimi ni mhandisi huko ng'ambo. Nachora vishikio vya betri za ndege itakayoruka kwa umeme na mafuta pamoja, na kazini kwetu uzito ni dhambi. Kishikio kikipungua uzito wa kijiko, tunapongezana kama waliopata mtoto. Ugonjwa huo nilikuja nao likizoni.

Asubuhi, Kawangware. Dada yangu Wambui alikuwa amenifungia unga, sukari na mafuta ya kupikia. Nikavitoa vyote, nikatia skafu moja ya hariri kwenye mfuko wa karatasi.

"Kamau, unaenda kwa wakwe na mfuko inapeperuka?"

"Ni kitu ya maana, na haina uzito."

"Haya. Lakini wakikuachilia urudi mikono mitupu, jua umekataliwa."

Mtaa wa Riruta Satellite nilipita kwa madaha, nikiwahurumia wote waliobeba magunia.

Mchana, Lindi, mtaa wa mabanda upande wa pili wa Barabara ya Ngong. Akinyi alinifungulia mlango, akauona mfuko, akafumba macho. Mama yake alichungulia nyuma yangu.

"Karibu. Vitu umewacha kwa gari?"

"Sina gari, Mama. Ni hii tu."

Akaikunjua skafu. "Imeweza, inapendeza. Sasa tutapika hii?"

Mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa na hariri. Niliogopa kweli, maana nampenda Akinyi.

Mara stima ikapotea, jiko la umeme likazima. Mama akawasha jiko la makaa bila hata kukatiza maneno. Nikaona hapo ndipo pa kujiokoa, nikamweleza kwamba ndege yetu nayo ina umeme, na mafuta ya kuusaidia.

"Kumbe hata huko juu stima hupotea!" Alicheka, kisha akanitazama. "Na wewe ukipotea huko majuu, msichana yangu atawasha nini?"

Ndege nikaiacha hapo.

"Sitapotea, Mama. Nitakuwa nabeba mzigo yangu."

"Beba basi. Duka iko hapo Sarang'ombe. Unga, sukari, mafuta. Na mtu asikusaidie."

Nilirudi na unga begani, shati limelowa, vijana wa vibandani wakiniita, "Shemeji, pole!" Mama Akinyi alinitazama kutoka mlangoni hadi nilipoutua. Kisha akasonga ugali.

Jioni, safari ya kurudi. Nilipoaga, Mama akaniwekea begani mfuko wa ndizi, vidagaa vya omena na viazi vitamu. "Mpelekee dada yako. Umwambie wazee wakuje."

Barabara ya Ngong, mwenye mkokoteni alinionea huruma, akataka kunibebea. Nikakataa. Nimejifunza kwamba ukweni uzito ndio heshima, na kwamba Wambui hukosea mara chache.

Yeye mwenyewe alinipokea mlangoni, akajaribu kuuinua ule mfuko, ukamshinda. Hakuuliza habari za Lindi. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.