Mzee Gathogo na Mchele Mweusi

Kwa miaka thelathini na mitatu Mzee Gathogo alinunua viazi Keringet na kuviuza Nakuru, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumenya hata kimoja. Usimcheke bado. Angeweza kuinua gunia kidogo, akalitikisa, akakwambia lina kilo ngapi na kama aliyelifunga ameficha viazi vidogo katikati. Lakini kiazi kikishavuka mlango wa jikoni hakikuwa chake tena. Kilikuwa cha Wangeci, mkewe, na kilirudi mezani kikiwa kimeiva, na kijiko kando.

Wangeci alifariki mwaka jana mwezi wa Agosti. Mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja. Baada ya maziko, majirani walipomaliza kuosha sufuria na kurudi makwao, alibaki katika nyumba yake ya vyumba vitatu pale mtaa wa Free Area, Nakuru, akagundua jambo la aibu: hakujua kiberiti kinakaa wapi.

Akawa mtu wa hoteli. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali na supu, jioni chai na chapati tena. Miezi saba baadaye nyayo zake zikaanza kufa ganzi. Kliniki wakampima, wakamwambia sukari iko juu. Wakampa dawa, wakamwambia apunguze chapati na wali mweupe, ale nafaka isiyokobolewa, na kwa kiasi. Tena apike nyumbani, ndipo ajue anakula nini. Mzee aliitikia kila kitu kama mwanafunzi mwema, akatoka, akapitia hotelini akanywa chai na chapati moja badala ya mbili.

Watoto wake wawili waliposikia walishauriana. Jamleck, kifungua mimba, anafanya kazi ya bima Nairobi na ana nyumba Kitengela. Huyo hazungushi maneno. "Baba, wewe huwezi kukaa peke yako," alimwambia kwa simu. "Hiyo nyumba tutapangisha. Utakuja kwangu." Shiru, mdogo wake, ambaye ni mwalimu Naivasha, alimwombea baba yake muda. Wakakubaliana hivi: Jumapili ya mwisho wa mwezi uliofuata wangekuja wote wawili kula chakula cha mchana. Wakikuta baba anajipikia chakula kinachomfaa, atabaki kwake. Wakikuta hawezi, atafunga virago aende Kitengela.

Mzee Gathogo aliogopa, na haikuwa siri. Hakuwa na ugomvi na Kitengela wala na mwanawe. Lakini nyumba ile aliijenga gunia kwa gunia, na ukuta wa uani Wangeci aliupaka rangi kwa mkono wake, ndiyo maana upande mmoja ni samawati na mwingine ni kijani, rangi ilipoisha. Akiondoka pale, aliona atakuwa amemwacha mkewe peke yake.

Shiru akamletea mchele mweusi, pakiti mbili za kilo moja moja. "Huu haujakobolewa, Baba. Huo weusi ni ganda lake." Kisha akakimbilia shule yake, hakueleza zaidi. Nani asiyejua kupika mchele?

Basi Mzee akajaribu. Kitu kimoja alichokumbuka kuhusu mchele ni sauti ya Wangeci ikitoka jikoni, akimfokea msichana wa kazi: mchele huoshwa mpaka maji yawe safi. Akamimina kikombe kimoja kwenye karai, akatia maji, akafikicha. Maji yakatoka zambarau. Akamwaga, akatia mengine. Zambarau. Mara ya tano akaanza kumshuku mwenye supamaketi. Nchi hii tumeuziwa mengi, na Mzee mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, alijua mbinu. Akaamini kuna mtu amekaa mahali akaupaka mchele rangi, naye akaapa rangi hiyo itatoka. Aliosha mara kumi na moja. Mchele ukabaki na rangi ya soksi nyeusi iliyofuliwa mwaka mzima.

Akaubandika kwenye gesi. Baada ya dakika kumi na tano akaonja, ukawa mgumu kama kokoto. Akaongeza moto, akaenda kusikiliza taarifa ya habari. Taarifa ilikuwa ndefu siku hiyo. Moshi ulipomfikia sebuleni, simu nayo ikalia, na ni Jamleck.

"Mbona unakohoa hivyo? Umeunguza, Baba?"

"Kidogo."

"Si ndiyo nasema."

Aliyekuja mbio na ndoo ya maji ni Mama Jerry, jirani wa mlango wa pili, mama wa makamo ambaye babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli. Alikuta hakuna wa kuokolewa isipokuwa sufuria. Akaweka ndoo chini, akaangalia karai lenye maji ya zambarau, akaangalia ile soksi iliyoungua.

"Mzee, kwani ulikuwa unaosha mchele ama ulikuwa unafua?"

"Inatoa rangi."

"Si itoe! Hiyo rangi ni yake. Ukiimaliza yote, utabaki unakula nini?" Akachukua punje moja kwenye pakiti, akaitafuna kwa meno ya mbele. "Mimi hii kitu sijawahi pika, nisikudanganye. Lakini kitu iko na ganda naijua. Githeri watu huipikanga dakika kumi na tano?"

Mzee Gathogo alifikiri. Hakuwahi kuchemsha mahindi na maharagwe ya githeri, lakini alikuwa ameingoja mezani maisha yake yote.

"Hapana. Hiyo hulowekwa kwanza, halafu unapewa muda."

"Haya. Umejijibu."

Kuuliza si ujinga, na kuanzia siku hiyo Mzee aliuliza bila haya. Mama Jerry naye alikataa katakata kuigusa sufuria. Alisimama mlangoni mikono imekunjwa, akatoa amri. Loweka asubuhi. Osha mara moja tu, vumbi litoke, basi. Kikombe kimoja cha mchele, maji vikombe viwili na kidogo. Chumvi. Yakichemka shusha moto mpaka uone kama umezimika, funika, uache dakika thelathini na tano. Mzee aliwashinda wanafunzi wote wa dunia kwa kufunua. Ni tabia ya kazi yake, hakuwahi kuamini gunia lililofungwa. Kila dakika tatu mkono ulikuwa kwenye mfuniko.

"Mzee, funika! Mvuke ndiyo mpishi. Wewe hapo ni askari wa geti tu."

Mara ya pili ulikuwa uji. Mara ya tatu ulikuwa mgumu katikati, kwa sababu alizima akapakua hapo hapo, badala ya kuuacha ukae dakika kumi bila moto. Mara ya nne uliiva. Kila punje ilisimama peke yake, inang'aa, na jikoni kukanukia kama njugu zinazokaangwa kwa jirani. Alikula kwa maharagwe akiwa amesimama. Alipomaliza alikaa kwenye stuli akalia kidogo, kwa sababu amefanya jambo zuri na mtu wa kuambiwa hayupo.

Jumapili ya miadi aliwahi ibada ya kwanza. Mchele ulikuwa umelowekwa tangu alfajiri, vikombe vitatu, kwa kuwa alimwalika na Mama Jerry. Maharagwe yalikuwa tayari, spinachi imekatwa. Saa sita na robo alizima gesi, akauacha mchele umefunikwa. Dakika kumi za kungoja zilimtosha kufika kibanda cha mboga pale kona kununua maparachichi. Akarudishia mlango bila kuufunga.

Jamleck alisema atafika saa saba. Lakini alitoka Kitengela mapema, na barabara haikuwa na magari mengi.

Mzee aliporudi na maparachichi yake mawili, alisikia jikoni sauti ya waya ukisugua chuma. Mwanawe alikuwa kwenye sinki, koti ameliweka kitini, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni. Sufuria ilikuwa inang'aa.

"Baba, usijali," Jamleck alisema kwa upole kabisa. "Ilikuwa imekuwa makaa. Nimemwagia kuku, na nimeosha. Hakuna mtu anakulaumu. Umejaribu. Sasa twende tu nyumbani."

Angesema kwa dharau, ingekuwa rahisi. Mzee Gathogo alitazama dirishani. Kuku watano wa Mama Jerry walikuwa wameinama uani juu ya kazi ya mwezi mzima, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Hasira ilimpanda, ile ya zamani, ya kukemea madereva wa lori.

"Ulionja?"

"Kuonja nini, Baba? Ni nyeusi tititi!"

"Nimekuuliza, ulionja?"

Shiru aliingia wakati huo kwa mlango wa uani. "Na ni nani amewapatia kuku mchele niliomletea Baba?" aliuliza. "Mnajua hiyo ni pesa ngapi?"

Jamleck alimtazama dada yake, akatazama kuku, akatazama sufuria safi mikononi mwake. Shiru alipoelewa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mzee hakucheka. Alitoa pakiti ya pili kabatini, akamimina iliyobaki. Kikombe kimoja na nusu.

"Kaeni," alisema. "Huu haujalowekwa, utachukua saa nzima. Hakuna mtu anaenda mahali."

Wakakaa. Hapakuwa na namna nyingine. Walimwangalia akiosha mara moja na kumwaga, akipima maji kwa kikombe na kuyaongeza kidogo, akiinama kuutazama moto kwa usawa wa jicho na kuushusha. Alifunika, akavuta stuli akaketi mbele ya jiko, mikono magotini. Jamleck alisogea akataka kufunua aone.

"Toa mkono," Mzee alisema.

Saa nzima ni ndefu ukiwa na njaa. Jamleck alipasua parachichi, akalinyunyizia chumvi, akalimaliza lote akiwa amesimama. Akaliangalia la pili. Baba yake, ambaye hakuwa na kingine cha kutazama, alimtazama. Kola ya shati ilikuwa imemlegea shingoni. Mshipi ulikuwa umetobolewa tundu jipya, kwa msumari pengine.

"Mnakulanga nini huko Kitengela?"

"Tunakula tu, Baba. Chips. Mayai. Kuna soseji za smokie pale stage ya matatu."

"Mnakula, wewe na nani?"

Jamleck aliligeuzageuza lile parachichi la pili. Sue, mkewe, alikwenda kufanya kazi Qatar mwaka juzi, na mtoto wao yuko shule ya bweni. Mzee alilijua hilo siku zote. Hakuwahi tu kujiuliza ni nani anayepika katika ile nyumba.

Mchele uliiva. Si vizuri kama ule wa kuku, lakini uliiva. Mama Jerry alikuja, akaonja kijiko kimoja, akatikisa kichwa kukubali, na kuku hakuwataja. Shiru alisema yeye ameridhika, na akamgeukia kaka yake. Jamleck alikuwa kwenye sahani ya pili. Alikula hadi akakwangua, kisha akakiweka kijiko chini taratibu.

"Nyumba haitapangishwa," alisema. "Baba anaweza."

Mzee alikuwa amelingoja neno hilo mwezi mzima. Alidhani likija angeruka. Badala yake aliona mwanawe hajainua macho.

"Ni nini?"

"Hakuna kitu." Jamleck alivuta sahani karibu, ingawa haikuwa na kitu. "Nilisema wewe ndiyo huwezi kukaa peke yako. Ni mimi siwezi, Baba. Nikifika jioni nakaa kwa gari nje ya geti, nasikiliza redio. Nilifikiria ukija, kutakuwa na mtu."

Mama Jerry aliinuka akaanza kukusanya vyombo. Shiru hakucheka tena. Mzee Gathogo aliinyoosha mikono yake juu ya meza. Hakujua maneno ya mambo kama hayo. Wangeci ndiye aliyeyajua.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Beba nguo za kulala. Nitakuonyesha vile inapikwa."

Jamleck alisema atakuja. Alipokuwa akivaa koti lake mlangoni, aliuliza kama anaweza kuja Ijumaa.