Subiri Kwanza na Soksi za Mama Mkwe

Jina lake limeandikwa kwenye kibao juu ya mlango, ila hakuna anayelitumia. Mtaa mzima tunamwita Subiri Kwanza. Ukiingia kwenye duka lake la vifaa vya kompyuta na pesa mkononi, umeshaamua unachotaka, atakuambia hivyo hivyo: "Subiri kwanza." Kisha atakuvutia kigoda, atakukalisha, na kuanza kukuuliza maswali kama daktari. Wako waliomkimbia wakaenda kununua kwingine. Mimi mwenyewe ni mtu wa haraka, hata chai naimeza ikiwa moto, kwa hiyo siku ile ya kwanza nilimwona ni kero tupu. Sasa nikipita mbele ya duka lake namsalimia hata kama ana wateja.

Kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti. Maktaba ya wasioona inanipa kitabu, nakisoma nyumbani nikijirekodi kwenye kompyuta, kisha naisafisha sauti na kuirudisha. Zamani nilikuwa mwalimu. Mama mkwe wangu alipoanguka bafuni akavunjika nyonga, na mume wangu ni dereva wa malori ambaye nyumbani anakuja kama mgeni, niliacha shule nikakaa naye. Kazi ya kusoma ndiyo iliyoniwezesha kubaki, nayo ilikuwa inaniponyoka. Bibi wa maktaba alinipigia simu, akasema kwa upole ule unaoumiza kuliko ukali, "Dada, rekodi zako zinachelewa, na zina mvumo. Kitabu hiki kikija hivyo tena, itabidi tumpe mtu mwingine." Maana yake nilikuwa naijua. Ningerudi kufundisha mbali, na Mama angebaki peke yake na mkongojo wake.

Ndiyo maana niliingia dukani mbio. Kompyuta ilikuwa inaganda kila nikianza kusafisha sauti, na mume wangu alishaniambia kwenye simu nibadilishe prosesa, ule ubongo wa mashine. Subiri Kwanza alitoa vikasha viwili akaviweka juu ya kioo cha meza.

"Hizi zote zinaingia kwenye mashine yako," alisema. "Na bei ni karibu sawa."

"Ipi ina kasi?"

"Hii ya kushoto."

"Nipe ya kushoto."

"Subiri kwanza, dada. Kompyuta yenyewe inakaa wapi?"

Damu ilinichemka. Nilimjibu kwamba sikuja kuuziwa nyumba, nimekuja kununua prosesa. Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Yeye hakununa wala hakucheka, alivuta tu kile kigoda chake. Nikakaa, maana miguu nayo ilikuwa imechoka.

Basi nikamweleza, tena kwa majivuno kidogo. Feni ya kompyuta ilikuwa inapiga kelele na kuingia kwenye rekodi, kwa hiyo nilitumia akili. Kasha la kompyuta nililiingiza ndani ya kabati la nguo, nikalifunga kwa godoro dogo la zamani, nikaongeza blanketi mbili, nikatoboa tundu la kupitishia nyaya. Nikafunga na mlango.

Subiri Kwanza alivua miwani. "Sasa hivi imewashwa?"

"Ndiyo. Nimeiacha inasafisha sura moja tangu asubuhi."

"Nyumbani kuna mtu wa kuligusa hilo kabati?"

Nikampigia Mama, nikaweka simu kwa sauti kubwa ili fundi asikie mwenyewe. "Mama, shikamoo. Hebu niangalizie lile kabati la kompyuta, lina joto?"

"Marahaba. Unalitakia nini tena? Soksi zangu hazijakauka."

"Soksi gani, Mama?"

"Soksi zangu, mwanangu! Siku zote si naanika juu ya hilo kabati? Kamba ya nje siifikii na mguu huu. Hapo zinakauka haraka kuliko juani. Kwani vipi?"

Duka zima likaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama hakuwa amemaliza. "Uko kwa fundi? Mwambie asikuuzie ya baridi!"

Nilipokata simu, Subiri Kwanza alikuwa anafuta machozi. Kisha akanieleza taratibu, bila kunidhalilisha. Kompyuta yangu haikuwa mvivu. Nilikuwa nimeizika hai. Ikipata joto inajipunguza mwendo ili isiungue, na feni inazidi kuhangaika, na mimi naongeza blanketi. Ile prosesa ya kushoto ingetoa joto kubwa zaidi. Ingekimbia kidogo, kisha ingeganda kama ya zamani, na mvumo ungezidi. Ile ya kulia ilikuwa na kasi pungufu kidogo, lakini haichemki, na feni yake inaweza kuzunguka polepole.

"Wewe huhitaji ya mbio," alisema. "Unahitaji ya kunyamaza. Na uitoe kabatini leo hii."

Nikarudi nyumbani kuileta kompyuta, na mchana ule ule akaifunga ile prosesa ya kulia, akajaribu, akanishikisha kasha nione lilivyopoa. Alipokuwa ananipa mfuko niliona ndani yake kuna kipande cha waya mrefu na misumari miwili. "Huo ni wa Mama," alisema. "Mfungie chini, karibu na kiti chake, aanikie soksi, tusije tukalaumiwa." Mtu niliyemfokea alikuwa amemfikiria hata mama mkwe wangu.

Kompyuta nikaiweka juu ya meza, wazi, mlango wa chumba nikaufunga. Nilirekodi sura ambayo binti anagongewa mlango na mjomba wake, tapeli mkubwa. Nikaisikiliza roho ikiwa mkononi. Mvumo haukuwepo. Kulikuwa na ukimya safi, na sauti yangu, na pale binti anapoinua mkono kushika kitasa, kutoka nyuma ya ukuta sauti ikasema wazi kabisa: "Usifungue, mjinga wewe!"

Nilicheka hadi nikainamia meza. Mama, ambaye kila siku ananiambia vitabu vyangu vinamletea usingizi! Feni ilikuwa imeifunika sauti yake muda wote huo. Nilipofungua mlango nilimkuta amesogeza kiti hadi kimegusa ukuta, anajifanya kukunja soksi.

"Ulikuwa unasikiliza, Mama."

"Nani? Mimi?" Kisha akashusha sauti. "Sasa alifungua, au hakufungua?"

Ile sehemu niliirekodi upya, kazi ni kazi, lakini sauti yake nimeihifadhi. Tangu siku hiyo anakaa humo chumbani pamoja nami, mtandio kaubana mdomoni, mabega yakimtikisika. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na namshukuru fundi aliyenikalisha kwenye kigoda.

Kitabu kilipokwisha tulikipeleka, tukasubiri. Bibi wa maktaba alipopiga, Mama alikuwa karibu na simu kuliko mimi, akapokea yeye. Nilimwona anasikiliza, anatikisa kichwa, nami nimeshika fremu ya mlango.

"Wanasema rekodi ni safi, wanaleta kingine," aliniambia, akarudisha simu sikioni haraka. "Halo? Hujakata? Kinahusu nini?"