Nilijua maana ya "tell on" nikishona mifuko ya suruali Athi River

Wakuu, poleni na kazi. Mimi ni mzee wa Kivaa, shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mnivumilie. Siongezi chumvi.

Nikiwa mdogo tulikuwa na mbwa. Mjomba akija kuiba asali kwa mizinga ya baba, inabweka. Baba anaipiga: "Unabwekea mgeni?"

(Asali ya siku hizo, wacheni tu.)

Siku moja ile mbwa ikaenda zake. Haikurudi.

Sasa. Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa nashona mifuko ya suruali kwa kiwanda moja huko Athi River. Jina naacha.

Mlango ya emergency ilikuwa inafungwa na kufuli, ati tusiibe nguo. Wanunuzi wa ng'ambo wakija kukagua, supervisor anaifungua, na sisi tunapewa maski mpya. Wakienda, kufuli inarudi, maski zinarudi kwa katoni.

Jirani yangu kwa mashine alikuwa Mwende, mama wa watoto watatu. Siku moja vitambaa vilishika moto, tukasukumana kwa huo mlango mpaka akazimia. Mimi ndiye nilimbeba mpaka nje kwa mlango ya mbele.

Wageni wakaja tena. Mama mmoja mzungu akaniuliza, na Kiswahili yake ya kuvunjika, kama mlango huwa wazi kila siku.

Nikamwambia kufuli iko kwa mfuko ya supervisor. Akaandika.

Kesho yake supervisor akapanda juu ya meza. "Who told on us? Mkinyamaza, laini yote ya washonaji inaenda nyumbani!"

Nikamnong'onezea Mwende, anasema nini?

"Anauliza nani alituchoma kwa wageni, mzee."

"Mimi sikuchoma mtu. Nilisema tu ya mlango."

"Asi! Ni wewe?" Akaangalia mashine yake. "Mzee, niko na watoto watatu."

Akainua mkono.

Simlaumu, hata leo.

Kwa hivyo mtoto akiwauliza, "tell on" ni kupeleka ubaya wa mtu kwa wenye wanaweza kumwadhibu. I told on the supervisor. Mwende told on me. Neno ni moja, haijali nani alikuwa na haki.

Funzo yangu ni ndogo: sema, lakini usingoje kushukuriwa. Nyinyi mngenyamaza? Niambieni, nitasoma polepole, macho imechoka.

Siku hiyo mimi nilikunja aproni, nikaiweka juu ya mashine. Nikatokea kwa ule mlango. Kufuli ilikuwa imetolewa.

Sikurudi.