Muhuri wa Sila

Sila Matonya hakujua kusoma, lakini hakuna mtu Dodoma nzima aliyejua mihuri kuliko yeye. Serikali ya Mwingereza ilimweka kwenye kizuizi cha mifugo, njia ya Kizota, akague vibali vya ng'ombe wanaotoka magharibi. Akipewa karatasi alitazama muhuri tu, akaugusa kwa kidole gumba, akainua mti wa kizuizi. Ng'ombe mwenyewe hakumtazama. "Bwana mifugo wa kule ameshamtazama," alisema. "Muhuri wa wenzetu ni muhuri wetu."

Mwaka ule wa njaa alikuja mama mmoja, Anyesi, mjane, akikimbia ukame na ng'ombe wake wanne. Hakuwa na kibali, kwa kuwa bwana mifugo wa kwao alikuwa safarini. Ng'ombe walikuwa wamekonda, lakini hawakuwa wagonjwa. Hata mimi, mwalimu wa shule ya misheni, niliona. Birika la maji lilikuwa upande wa pili wa mti, hatua ishirini hivi.

"Baba, waache wanywe tu, kisha nitawarudisha huku," Anyesi alimwomba.

"Sheria ni msumeno, mama."

Siku tatu wale ng'ombe walilia wakinusa maji. Watatu wakafa pale pale. Juma hilohilo likapita kundi la mfanyabiashara, vibali safi, mihuri ya kung'aa, ng'ombe wakikohoa na kutoa povu puani. Sila akainua mti. Homa ya mapafu ikaingia Kizota ikafagia mazizi. Wakubwa walipokuja kuuliza, Sila alitoa karatasi, wakazisoma, wakamsifu. Alisimulia sifa hizo mwaka mzima, nami nilimchukia kwa hilo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Yotham. Kwa sifa zile bwana mifugo akampatia kijana kazi ya kuchunga ng'ombe melini: wanapakiwa Dar es Salaam, na mchungaji anasafiri nao akiwapa maji na majani hadi visiwani. Sila alivimba kichwa. Mgogo baharini!

Siku moja jioni akaniletea barua ya Yotham nimsomee. Meli ilikuwa ya kigeni, ingeondoka kesho yake alasiri. Yotham aliandika kwamba mashua moja ya kuokolea watu imeoza chini, ameichokonoa na kidole kimepita. Alikuwa amekwenda kumwambia afisa wa bandarini. Afisa akamwonyesha hati ya usalama iliyotolewa na nchi ya meli ile. Nchi yao na Mwingereza, alimwambia, wamekubaliana kuheshimiana hati. Hati ikiwa hai, meli haipekuliwi bila sababu ya wazi. Na neno la mchunga ng'ombe halikuwa sababu. "Baba," barua iliishia, "naogopa. Nipe ruhusa nirudi. Usiponiruhusu nitapanda, nisije nikakuaibisha."

Nikamwambia, "Mzee Sila, mwite arudi."

Nakiri aliogopa, maana kidole gumba kilikuwa kikisugua karatasi. Kisha akauliza, "Amesema hati ilikuwa na muhuri?"

"Ndiyo."

"Basi kuna mtu kule kwao alishaikagua. Yotham ni nani, amkosoe mwenye muhuri? Nimepitisha ng'ombe elfu kwa muhuri, leo mwanangu aukatae? Andika simu ya maandishi, mwalimu. Andika: Panda, muhuri upo."

Ningeweza kuandika: Rudi. Asingejua. Lakini mimi nami ni mtu wa kutii, nikaandika alivyosema, na asubuhi tukaipeleka stesheni pamoja.

Meli ilizama usiku wa pili. Walishusha mashua mbili. Ile ya Yotham ilijaa maji kabla haijaachana na ubavu wa meli, na watu kumi na mmoja wakazama nayo. Baada ya miezi miwili ikaja barua ya serikali, nami ndiye niliyemsomea. Ilisema hati ya meli ilikuwa halali na hai, imetambuliwa kwa mujibu wa mapatano, kwa hiyo hakuna aliyekosea. Sila akaniomba nimwonyeshe muhuri. Akaugusa, akaanza kulia kama mtoto.

Mwili haukupatikana, msiba ukakaliwa hivyohivyo. Watu wakaja hata kutoka Buigiri. Siku ya tatu akaingia Anyesi. Alikuwa na kibuyu cha maziwa ya yule ng'ombe wake mmoja aliyebaki. Akakiweka chini, akapiga magoti mbele ya Sila.

"Pole, baba Yotham."

"Nimepoa, mama."

"Wanasema ile meli ilikuwa na karatasi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na muhuri ulikuwepo?"

Sila alinitazama mimi, nami nikatazama miguu yangu.

"Ulikuwepo," akasema.

"Basi mwanao amepita," Anyesi akamwambia, kwa upole kabisa. Akamimina maziwa kwenye kata, akampa kwa mikono miwili. Sila akayanywa yote. Kisha Anyesi akaenda kuketi na wanawake, akalia pamoja nao, na machozi yake yalikuwa ya kweli.